Jinsi ya Kukomesha Wizi kwa Kukata Utepe

Hongera, mheshimiwa mbunge. Mgao wa NG-CDF, ule mfuko wa Kenya wa maendeleo ya maeneo bunge, u njiani. Sheria ya 2015 inautengea mfuko huo angalau asilimia 2.5 ya fungu la serikali kuu katika mapato ya taifa, maeneo bunge 290 yagawane, na miradi ya usalama inaruhusiwa. Wananchi wako wanalia kuporwa. Fuata hatua hizi.

Kwanza, itisha mkutano wa wadi, maana sheria inataka watu wasikizwe. Uitishe Jumanne saa nne asubuhi, wenye kazi wakiwa kazini. Mama mboga mmoja hatakosa kusimama: kichochoro cha nyuma ya steji hakina taa, na kila jioni kuna anayenyang'anywa simu. Mpigie makofi. Andika: "Maoni yamepokelewa."

Pili, jenga kituo cha polisi. Askari watatoka wapi? Usijisumbue, kuwaajiri na kuwapangia vituo si kazi ya mfuko wako. Kazi yako ni msingi, kuta na mabati. Hata kufuli likishika kutu, mbuzi wa jirani watafaidi kivuli cha baraza.

Tatu, mama mboga akirudia habari ya taa, mkumbushe kwamba kikatiba taa za barabarani ni kazi ya kaunti. Hapo utakuwa umesema kweli tupu. Gavana naye atamwambia kwamba usalama ni kazi ya serikali kuu, naye pia atakuwa amesema kweli. Mwizi hatabishana na yeyote kati yenu.

Nne, simika ubao: jina lako kwa herufi nene, gharama kwa rangi inayopauka upesi. Kata utepe, piga picha.

Tano, mwakani omba fedha za "kukamilisha" kituo kile kile.

Onyo: mwepuke mwananchi aliyesoma Kifungu cha 35 cha Katiba, kinachompa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Huyo huharibu sherehe.

Nawe msomaji, kama ndiwe mwananchi huyo, nenda mkutanoni hata kama ni Jumanne. Kabla msingi haujachimbwa, uliza mambo matatu, na majibu yaandikwe: mradi utagharimu pesa ngapi, askari wangapi wamekubaliwa kuletwa, na nani atalipa stima. Mheshimiwa akikosa jibu, kataeni kituo.