Sifa za Kidukari

Simba ameimbwa, nyuki ameimbwa, hata panya ana methali zake. Kidukari hana ubeti hata mmoja. Basi kazi hiyo naichukua mimi, ambaye mawaridi yangu yote hapa Area 25, Lilongwe, ameyafyonza.

Kwanza ni mstahimilivu mbele ya kamera. Asubuhi natoka na simu kupiga picha ya ua, nasogea karibu, na pale chini ya tumba wamejipanga, kijani, wanene, midomo imezama kwenye kikonyo. Hawakimbii. Hawaumi wala hawanuki. Huwapa sisimizi maji matamu, nao sisimizi huwalinda bila kudai mshahara.

Lakini fadhila kuu ni uzazi. Jike hahitaji dume, mahari wala kikao cha ukoo. Huzaa mabinti walio hai, na kila binti huzaliwa na mimba changa tumboni: bibi, mama na mjukuu ndani ya mwili mmoja. Baada ya siku kama 10 naye ni mzazi. Na mahali pakijaa, hawaundi kamati. Akina mama waliobanana huanza kuzaa watoto wenye mabawa, hao wakaruka kutafuta mmea mwingine. Hakuna fomu, hakuna foleni ya kibali cha kutembea. Aliyehamia kwa jirani anakuwa wa huko siku hiyo hiyo.

Juzi tumba la mwisho limekunjamana bila kufunguka, majani yananata, yamepata ukungu mweusi. Wezi hawa! Wezi wakubwa! Na sabuni ya kuwapulizia siku hizi naifuata mbali, kwa bei ya kuudhi, kwa sababu mzee wa Kirundi aliyekuwa akituuzia hapa mtaani, hata kwa mkopo, alifungiwa duka.

Turudi kwenye mabawa. Dzaleka, kule Dowa, palikuwa gereza enzi za Rais Kamuzu Banda wa Malawi. Tangu 1994 ni kambi ya wakimbizi, iliyopangiwa watu elfu 10 hivi. Sasa wamo zaidi ya elfu 50. Walipobanana, baadhi yao wakafanya kama kidukari: wakaja Lilongwe, wakafungua maduka, wakalipa kodi za nyumba. Mwaka 2023 serikali ikawaagiza warudi kambini, ikitaja usalama wa taifa. Ilipofika Mei wakawa wanakamatwa na kupakiwa kwenye magari, watoto wakiwemo. Usalama wa taifa, dhidi ya muuza sabuni!

Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 una kifungu cha 26, cha uhuru wa kutembea. Malawi ilipojiunga nao 1987 ilikiwekea kifungu hicho sharti: inabaki na haki ya kuwapangia wakimbizi pa kuishi na kuwazuia kutembea kwa sababu za usalama wa taifa au utulivu wa umma. Waheshimiwa wa serikali pale Capital Hill, liondoeni sharti hilo, mzee arudi afungue duka. Deni langu liko kwenye daftari lake, na safari hii sabuni nitanunua taslimu.