Ombi la Kazi Ambayo Hamjaitangaza

Kwa Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu,
Nairobi.

Waheshimiwa,

KUHUSU: OMBI LA KAZI YA MENEJA WA JENGO LA WAZEE

Najua kazi hii hamjaitangaza. Najua pia kwamba jengo lenyewe halipo. Lakini katika nchi ambayo jiwe la msingi hutangulia msingi, sioni kwa nini meneja asitangulie jengo.

Umri wangu ni miaka 72. Nimekuwa keateka wa nyumba za kupanga huku Eastlands tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na mpangaji mzee namjua vizuri. Hulipa mapema, hapigi muziki usiku, na kodi ikimshinda huona haya hata kukusalimu. Landilodi yeyote angemtaka, ila ana dosari moja ndogo. Hana pesa.

Nianze na pongezi, maana ombi la kazi lisilo na sifa kwa mwajiri halisomwi. Ada ya nyumba iliingia kwa Sheria ya Fedha ya 2023. Mwezi Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ikasema inakiuka Katiba. Kufikia tarehe 19 Machi 2024 Rais alikuwa ameshatia sahihi sheria mpya: asilimia 1.5 kutoka kwa mfanyakazi, 1.5 nyingine kutoka kwa mwajiri wake. Chini ya miezi minne! Nimehudumu katika majengo ambamo koki ya choo ilimsubiri fundi kwa muda mrefu kuliko huo. Jengo langu likikarabatiwa kwa bidii iliyotumika kuikarabati ada, wazee wangu watakosa la kulalamikia.

Sasa hesabu. Mzee wa miaka 70 na zaidi aliye kwenye mpango wa serikali wa Inua Jamii hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Zikija. Chumba chenu cha bei ya chini kabisa, kile cha mita za mraba 20, kilitangazwa kwa shilingi 640,000, na kule Mukuru, funguo za kwanza zilipokabidhiwa Mei 2025, malipo yake yalitajwa kuwa 3,900 kwa mwezi. Mimi si mhasibu, lakini kodi nimekusanya, na najua 3,900 haitoki ndani ya 2,000 hata uikamue vipi. Arubuni ndiyo tamu zaidi. Sheria ilianza na asilimia 10, yaani 64,000. Hiyo ni miezi 32 ya Inua Jamii, kwa sharti kwamba mzee hatakula, hatanunua dawa ya presha, wala hatachangia harambee ya mtu. Hata mkiikata nusu, ni miezi 16 ya kufunga. Ramadhani ni mwezi mmoja tu, waheshimiwa, na usiku watu hula.

Baada ya hapo, mnasema, mwenye nyumba atalipa polepole hadi miaka 30. Nimeguswa. Hakuna benki, daktari wala mganga aliyewahi kuniahidi miaka 30. Nikianza mwaka huu, nyumba itakuwa yangu nikiwa na miaka 102, na naahidi kuja kuzichukua karatasi zangu mwenyewe, mradi ofisi yenu iwe chini.

Kujiandikisha nako kuna uhondo wake. Mambo mengi yako mtandaoni, kwenye tovuti ya Boma Yangu, na sina ugomvi na maendeleo. Ila wapangaji wangu wana simu za mulika mwizi. Simu hizo huangaza njia ya msalani usiku, hupokea salamu kutoka ushago, na hapo ujuzi wake huisha. Mjukuu akipatikana mwenye simu kubwa na bando, mzee husajiliwa kwa namba ya mjukuu. Mjukuu akihama, au akiuza laini, mzee hutoweka. Wala kwenda ofisini si dawa: kuna mama mmoja hapa mtaani amefua nguo za watu kwa mikono miaka na miaka hata vidole vikapoteza alama. Kila ofisi yenye mashine ya vidole humwambia kwamba hayupo. Yeye huigombeza mashine kwa sauti, mbele ya foleni, kwamba yupo, na kwamba amekuja na matatu mbili.

Lipo jibu ambalo kila mwenye cheo analo tayari mdomoni: wazee warudi ushago. Ni jibu zuri kwa mwenye ushago. Lakini Majengo ya Pumwani yamekaliwa tangu miaka ya 1920, na mle mna wazee waliozaliwa na wazazi waliozaliwa mle mle. Mkiwaambia warudi kwao, watatoka mlangoni, watazunguka nyumba mara moja, kisha wataingia tena. Hata wale wenye shamba, wengi shamba limegawanywa likabaki mipaka, na kliniki yao iko huku mjini walikozeekea. Katiba ya 2010, Kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kupata matunzo kutoka kwa familia yake na kutoka kwa Serikali. Nadhani aliyepewa kazi ya kuisoma alifika kwenye neno familia, simu ikalia.

Basi nieleze kazi nitakayoifanya, maana naona kila mmoja wenu anajua kujenga na hakuna anayesema habari za kuishi.

Nyumba zenu zinapanda juu, na zina lifti. Vizuri. Lakini lifti ina umeme, umeme una bili, na bili ina mtu anayesahau kuilipa. Siku lifti itakapolala, mzee wa ghorofa ya saba atakuwa amefungwa bila kesi. Hatakwenda kliniki, hatakwenda kanisani wala msikitini, na sukuma wiki ataletewa na mtoto wa jirani kwa bei ya mtoto wa jirani. Kwa hiyo swali la kwanza la meneja ni nani atakaa chini, na hili, niamini, ni gumu kuliko uchaguzi wa ubunge. Mwenye magoti mabovu anataka chini. Mwenye macho mabovu anataka chini. Mjane ambaye mumewe alikuwa na rafiki kwenye kaunti anataka chini na tayari ameshapata. Nitahitaji daftari, ukali kidogo, na uwezo wa kukataa simu za waheshimiwa.

Halafu kifo. Hili halimo kwenye michoro yenu, nami silaumu, kwa sababu mchoraji ni kijana. Lakini jengo la wazee ni jengo la kufiwa. Nimewahi kusaidia kuteremsha maiti kutoka ghorofa ya tano, vijana wanne na blanketi, na kila tulipogonga ukuta kwenye kona ya ngazi tulimwomba marehemu radhi kwa jina lake. Naomba lifti ambamo machela yaingia yakiwa yamelala. Si anasa. Machela hayohayo ndiyo yatakayompeleka mwingine hospitalini akiwa bado anapumua.

Na matanga tutayafanyia wapi? Mchoro unaonyesha maegesho. Wazee wangu hawana magari, wana misiba. Maegesho nitayageuza uwanja wa kupiga hema, kuweka viti vya kukodi na sufuria kubwa la chai, na siku zisizo na msiba wataota jua hapo na kuisema serikali. Nitamruhusu pia mjukuu. Kanuni zitasema mpangaji ni mmoja, lakini mzee wa Nairobi ni nadra kuishi peke yake: ana mtoto wa mtoto aliyeachiwa, yuko darasa la nne, na usiku hulala miguuni pa kitanda. Chumba cha mita 20 kitawatosha kwa kubanana. Nitakapokagua, nitabisha hodi kwanza na kungoja kwa muda wa kutosha godoro kuingia chini ya kitanda.

Najua mnapenda ziara za mafunzo, na sitawanyima. Nendeni Marekani. Huko kuna mpango uitwao Section 202, uliozaliwa na sheria ya mwaka 1959, unaosaidia mashirika yasiyo ya faida kujenga na kuendesha nyumba za wazee wa kipato cha chini, kuanzia miaka 62. Leo mpangaji wao kwa kawaida hutozwa kama asilimia 30 ya kipato chake. Kipato kikipungua, kodi hupungua. Kwa mzee wangu wa Inua Jamii hiyo ingekuwa shilingi 600, na chenji ya kununua unga ingebaki. Majengo mengi ya namna hiyo yana mratibu wa huduma, mtu anayelipwa kumtafutia mzee daktari, chakula na fomu zake. Wana matatizo yao pia, kubwa likiwa foleni: watu husubiri miaka kupata chumba. Mkirudi, tafadhali rudini na hesabu ya kodi, muiache foleni hukohuko. Za kwetu zinatutosha.

Hapa kwetu mratibu wa huduma yuko, ila hamjawahi kumwona kwenye orodha ya malipo. Ni binti wa mzee. Ndiye anayelipa kodi ya chumba cha mama, anayeomba ruhusa kazini siku ya kliniki, anayejaza gesi, anayejua dawa ipi ni ya asubuhi. Mwisho wa mwezi, kwenye payslip yake, mmekata asilimia 1.5 ya kujenga nyumba ambayo mama yake hana umri wa kukopeshwa wala pesa za kuingia. Simjui mfadhili mwingine mkarimu kama huyo, na sijaona jiwe lenye jina lake.

Kuhusu mshahara wangu sina makuu. Bajeti ya ukarabati ndiyo nitakayoipigania, nami nitaitaka kwa maandishi kabla ya rangi kukauka. Najua ugumu wake. Funguo hukabidhiwa mbele ya kamera, na utepe hukatwa kwa mkasi mpya, lakini sijaona kiongozi akija na bendi kuzindua koki iliyobadilishwa, balbu ya ngazini, au tangi lililooshwa. Mambo hayo ndiyo jengo. Yakiachwa miaka kumi, mtakuwa mmejenga mtaa wa mabanda uliosimama wima, nao huo kuubomoa ni ghali kuliko ule wa mabati.

Niko tayari kwa mahojiano siku yoyote isipokuwa ya kliniki. Nipigieni simu, msitume baruapepe. Ile ya mjukuu wangu imejaa. Nitakuja na futi ya fundi mfukoni, na kabla sijajibu swali lolote nitapima lifti yenu.

Wenu mtiifu,

Mwombaji, ghorofa ya nne, nyumba isiyo na lifti, Eastlands