Namna ya Kubaki Mkristo Hadi Jumatatu Jioni

Vifaa: debe moja lisilobonyea, daftari la madeni, na mdomo wako mwenyewe. Biblia unayo tayari, wala haihitaji kava jipya.

Mwongozo huu ni wa Mungaa, mkoani Singida, ila aliyeko mjini naye asijione amesalimika. Anza Jumapili, misa au ibada inapokwisha. Vua nguo za kanisani, zikunje, uziweke sandukuni. Sasa jiangalie: imebaki nini? Kilichobaki ndicho tunachokwenda kukishughulikia.

Jumatatu asubuhi chukua debe. Lipapase kwa nje, kisha lichungulie ndani. Kitako kikiwa kimebonyea kuingia ndani, kila ujazo wa mtama unaouza una upungufu, na wewe unajua. Mpelekee fundi bati alinyooshe kabla hujaenda kuungama. Padri atakuondolea dhambi, lakini bati halimo katika mamlaka yake. Mithali sura ya 11 inaanza na mizani, kabla haijafika kwenye kiburi na fitina, nami naamini mpangilio ule una busara.

Msimu wa vitunguu una mtihani mgumu zaidi: lumbesa. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakipambana na jambo hili miaka mingi. Hata hivyo mnunuzi hufika shambani, akajaza gunia, akalivika kilemba cha wavu, akakishindilia na kukishona, halafu akalipa bei ya gunia moja. Kama mnunuzi huyo ni wewe, namna ya kufanya ni hii: jaza, kisha shona pale gunia linapoishia. Ukisikia moyo unajitetea kwamba soko la Dar es Salaam ndivyo linavyotaka, mwambie mkeo maneno hayo hayo usiku, taa imezimwa, uyasikilize yanavyotoka. Kilemba kile ni jasho la mama aliyepalilia akiwa na mtoto mgongoni. Kinaniumiza kila ninapokiona juu ya lori, na kinaniumiza zaidi lori hilo likiwa limeandikwa jina la Yesu kwenye kioo.

Wapo watakaosema wokovu ni wa moyoni, matendo hayamwokoi mtu. Ni kweli, nami ndivyo ninavyoamini. Luther mwenyewe, mwaka 1522, aliuita Waraka wa Yakobo waraka wa makapi kwa kuona kwamba hauna tabia ya Injili. Lakini tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia saini tamko la pamoja: mtu huhesabiwa haki kwa neema, na matendo mema hufuata kama matunda. Mwenye mashine ya alizeti hapa kwetu haoni ugumu katika hilo. Mashine haitii mafuta ndani ya mbegu, inakamua yaliyokuwemo. Deni, hasira na mizani ni mashine za namna hiyo.

Tena soma Luka 19 taratibu. Zakayo hakulipa kwanza ili Bwana aje kwake. Mgeni alijialika mwenyewe, naye Zakayo akampokea kwa furaha. Ndipo akasema atarudisha mara nne, na hakuna aliyekuwa amemdai. Hata uamsho uliovuma kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukafika Uganda, Kagera na Kenya, ulijulikana hivyo: watu walitubu hadharani, kisha wakabeba vitu walivyoiba na kuvirudisha kwa wenyewe. Mtu aliyebeba mali ya wizi mchana kweupe kuipeleka ilikotoka hahitaji kueleza sana kilichompata.

Mchana, mlipe kijana anayekuchungia ng'ombe. Ujira wake hausubiri ada, mchango wa harusi wala sadaka ya shukrani. Yakobo, huyo huyo wa makapi, anasema katika sura ya 5 kwamba ujira uliozuiwa hupiga kelele, na kelele hizo zinafika mbinguni kabla ya kwaya yako.

Jioni nenda hospitali ya Makiungu. Hospitali ile imeshaona mengi tangu masista wa Medical Missionaries of Mary walipofika mwaka 1954, na bado wodini kuna mtu ambaye hakuna aliyekuja kumwona. Beba uji kwenye chupa. Usimuulize anasali wapi. Akiwa Mwislamu, mimina uji kikombe kimejaa, kaa naye, sikiliza habari za nyumbani kwake. Usitoe trakti. Kama ndani yako kuna kitu, atakiona mkononi mwako unapoinua kikombe.

Mdomo nimeuacha mwisho kwa sababu ndio unaonishinda hata mimi. Kabla ya kwenda kwenye jumuiya, pitia maneno uliyomwambia mwanao asubuhi. Kama ulimwita mbwa, muite sasa, umwombe radhi akiwa amesimama na wewe umekaa, macho yenu yalingane. Atashangaa. Mwache ashangae.

Kisha fungua daftari la madeni. Mama wa maandazi hayumo, maana unamchukulia mawili kila asubuhi na kumwambia kesho. Yeye hajaandika popote, lakini anakumbuka. Nenda sasa hivi, kabla hajafunga.