Jinsi ya Kuuvua Waya Nguo Bila Kuuchuna Ngozi

Kwanza funga mdomo. Meno ni ya muhogo na mahindi ya kuchoma. Nimewaona watu wazima, wenye shahada zao na wajukuu, wakiutafuna waya kama mua kwa sababu plaizi iko ghorofani na ngazi zinawachosha. Panda ngazi, ndugu yangu. Plaizi ya kuchubulia waya haizidi bei ya sahani mbili za chipsi, na jino halioti mara ya tatu.

Hapa Perry Barr, Uingereza, kila nyumba ninayoingia siku hizi ina taa inayoning'inia kwa waya uliovishwa kitambaa: wa dhahabu, wa kijani, mwingine umesukwa kama nywele za bibi harusi. Unapendeza. Mimi mwenyewe ninao mwekundu juu ya meza ya jikoni. Kinachoniumiza ni namna tunavyoukata. Jirani yetu Witton kuna barabara inayoitwa Electric Avenue, pale palipokuwa na eneo kubwa la viwanda vya vifaa vya umeme vya kampuni ya GEC tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Na Handsworth, hatua chache tu, wapo wazee wa Kihindi waliofika kutoka Kenya na Uganda miaka ya 1960 na 1970, nao neno fundi wamekuja nalo. Katika mtaa wenye majirani wa namna hiyo, kuuchuna waya kwa kisu cha viazi ni aibu.

Kabla hujagusa kitu, chomoa plagi. Kama waya unatoka darini, nenda kwenye boksi la fyuzi ukazime huko, kisha upime kwa testa. Swichi ya ukutani usiiamini: katika nyumba nyingi za Uingereza umeme hubaki pale darini hata taa ikiwa imezimwa.

Sasa kitambaa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo tukae kidogo. Mtu huchukua wembe, akauzungusha waya mzima kwa nguvu, kitambaa kikakatika kweli, na ganda la plastiki lililo chini yake nalo likapata mkato usioonekana. Ganda hilo ndilo linalotenganisha umeme na mkono wa mtoto wako. Kitambaa ni nguo. Ganda ni ngozi. Nguo ikichanika tutashona, ngozi ikichanika tunatupa kipande hicho na kuanza upya.

Fanya hivi. Kishike kitambaa kwa vidole viwili, ukisukume nyuma kama unavyokunja mkono wa kanzu wakati wa kutawadha. Kitavimba na kuachana na ganda. Hapo kilipovimba, ingiza ncha ya mkasi mdogo mkali ukate pole pole kuzunguka, mkasi usiguse kilichomo ndani. Halafu kivute kirudi mahali pake na ukizuie kisifumuke: zungusha tepu ya umeme mara mbili, au, ukitaka kazi safi, visha kipande cha mpira ule unaonywea kwa joto. Wengine hubana kwa uzi wa kushonea wa rangi ileile, wakauzungusha mara kumi na kufunga fundo. Hilo nalipenda kuliko yote. Kiberiti weka mbali. Pamba hushika moto, nailoni huyeyuka, na ganda la chini hulainika bila wewe kujua.

Baada ya nguo, ganda. Tazama holda ya balbu yako. Nyingi huonyesha urefu wa kuchubua, na mara nyingi ni milimita chache tu, chini ya upana wa kidole. Chagua tundu la plaizi linalolingana na unene wa waya, bana, zungusha kidogo, vuta. Kisha hesabu. Waya wa kawaida wa taa, wa milimita za mraba 0.75, kwa kawaida una nyuzi 24 za shaba, nyembamba kama unywele. Zikiwa 19, tano umezikata. Umeme uleule utapita katika njia iliyopungua, na pale penye jeraha patakatika siku utakapoisogeza taa. Kata mwisho huo, rudia. Mara ya kwanza nilirudia mara nne, jioni nzima, na waya ukabaki mfupi, nikanunua mwingine. Usitie risasi ya kulehemu kwenye ncha zinazokwenda chini ya skrubu: risasi hulegea taratibu, skrubu nayo hulegea, na kilicholegea huchemka.

Rangi ni hizi: kahawia ni moto, bluu ni nyutro, kijani chenye njano ni ardhi. Nyumba yenye waya wa zamani itakuonyesha nyekundu na nyeusi, na darini hiyo nyeusi inaweza kuwa ndiyo inayotoka kwenye swichi, yaani ina moto. Kama huna uhakika, muite fundi mwenye cheti. Kwenye holda ya kuzungusha balbu, kahawia huenda kwenye kitako cha katikati, kamwe si kwenye ukuta wenye nyuzi za skrubu ambao vidole hugusa. Holda ya chuma bila waya wa ardhi usiifunge hata kwa mapenzi ya rangi yake. Uache waya wa ardhi uwe mrefu kidogo kuliko wenzake, ili taa ikivutwa uwe wa mwisho kuchomoka. Uzito wa taa ubebwe na kibano cha holda, si na skrubu za shaba. Kwenye plagi weka fyuzi ya ampea 3.

Limebaki moja. Kuna taa nzuri za kale kwenye minada ya Jumapili, na waya wake wa kitambaa umefifia kwa heshima. Ukunje mwisho wake taratibu ukisikiliza. Ukisikia mchakacho kama wa kaukau, ndani mna mpira uliokauka, na hakuna plaizi itakayouponya. Waya huo usiuchune kabisa. Ng'oa wote, tupa, weka mpya, na taa ya bibi wa watu ibaki na uzuri wake.