Nasaba Yangu na Mwaka wa 1306

Mtu akitaka kuijua hasara ya ulimi, na asimame siku moja mbele ya duka la leso katika Mtaa wa Biashara, Mombasa, saa nne ya asubuhi, wakati mafundi wamekwisha panga vyerahani vyao barazani na wanawake wamejaa wakisoma majina ya leso kwa sauti, kisha atamke jambo lolote asilokuwa na yakini nalo. Maana kabla ya adhuhuri jambo hilo litakuwa limefika Kibokoni, limeteremka Kuze, limepanda Ndia Kuu, na kumrudia mwenyewe limenenepa. Mimi nimeuza leso hapo kwa miaka thelathini na mmoja, nami nayajua hayo kuliko wengi; walakini ujuzi huo haukunifaa kitu siku nilipotangaza kwamba ukoo wetu ni mkongwe kuliko Ngome ya Yesu.

Asili ya masaibu hayo ilikuwa posa. Binti yangu aliposwa na kijana wa watu wa heshima, na katika kikao cha kwanza, baada ya kahawa na haluwa, mzee mmoja wa upande wa waume aliuliza kwa upole sisi ni watu wa taifa gani. Swali hilo kwetu si ufedhuli. Mji huu kwa dahari umejihesabu kwa Thenashara Taifa, yaani Tisa Taifa upande mmoja na Thelatha Taifa upande wa pili, na asiyekuwamo humo hutakiwa aitaje Hadhramaut yake, au Omani yake, au Kachi yake, ili watu wajue wamweke wapi. Shangazi yangu, ambaye ana umri wa miaka 84 na sauti ya miaka 40, hakungoja swali likome. Alisema kwamba baba yake babu yangu aliteremka Bandari ya Kale kutoka Shihr, kwa jahazi, na magunia saba ya ubani na jambia la fedha kiunoni. Nilipokuwa mtoto, magunia yalikuwa matatu na jambia halikuwapo.

Yule mzee alitabasamu, akasema kuwa ingependeza tukiileta shajara ya ukoo siku ya kikao cha pili, si kwa shaka bali kwa baraka. Nami, kwa kiburi ambacho haluwa humpa mtu, niliahidi kuileta baada ya majuma mawili.

Kazi ya kwanza ilikuwa kukusanya majina, na hapo ndipo nilipotambua kuwa wahenga wetu walikuwa hawapendi kusumbuka. Kwetu mwana wa kwanza hupewa jina la babu yake. Basi, tuseme, Ali humzaa Juma, na Juma humzaa Ali, na Ali huyo humzaa Juma mwingine, hata mtu apandaye ngazi ya nasaba hajui kama anapanda ama amesimama pale pale. Usiku wa kwanza niliuchora ukoo wetu juu ya karatasi ya kufungia leso, na nilipoukagua kulipokucha niliona nimemwandika mtu mmoja kuwa ni baba wa nafsi yake.

Shangazi aliponihurumia alinifungulia sanduku lake la njumu. Juu palikuwa na doti za leso ambazo hazijakatwa wala kupindwa, katikati palikuwa na udi, na chini kabisa, ndani ya bahasha ya rangi ya tumbaku, palikuwa na kijikaratasi ambacho mchwa walikwisha kula pembe yake moja wakaona hakina ladha. Kilikuwa kimeandikwa kwa hati ya Kiarabu, ambayo nilisomeshwa chuoni na ambayo naisoma kwa ufasaha mkubwa mahali popote ninapoyajua maneno kwa moyo. Niliona jina la baba yake babu yangu. Niliona jina la mwanamke. Niliona kwamba ni habari ya ndoa, iliyofungwa mwezi wa Mfunguo Kenda. Niliona neno moja kando ya jina la mwanamke nisiloweza kulitambua. Na mwisho niliona tarakimu nne zilizo wazi kama mwezi mpevu: 1306. Neno lile nililiruka. Tarakimu nilizikumbatia.

Furaha, ndugu msomaji, ni pazia la akili. Nilitoka mbio hata dukani huku nikipiga hesabu. Ibn Battuta alilala usiku mmoja kisiwani Mombasa mwaka 1331. Maana yake alitukuta, tena bwana harusi wetu akiwa na miaka ishirini na mitano katika ndoa. Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Maana yake walitukuta tumekwisha choka kukaa. Nilimweleza fundi wa kwanza, naye akamweleza wa pili bila kusimamisha cherahani, na jua lilipokuchwa nilikuwa nikiitwa Sultani kutoka Barabara ya Digo hata Mji wa Kale, na jirani mmoja alitaka kujua kama nitaanza kudai kodi ya Ngome. Wakwe watarajiwa walituletea salamu za heshima nyingi kupita kiasi, kwa kuwa walikhofu mahari itapanda.

Siku ya tatu alikuja maalim mmoja mstaafu kununua kikoi. Aliomba kukiona kijikaratasi, akavaa miwani, akakisoma mara mbili, kisha akauliza:

"Mwanangu, babako alizaliwa lini?"

"Mwaka 1931, maalim."

"Na babu yako?"

"Yasemekana ni 1895, au karibu na hapo."

"Basi huyu baba yake alioa mwaka 1306, akakaa karibu miaka mia sita akifikiri, ndipo akazaa."

Mafundi wote walisimamisha vyerahani. Maalim alinikumbusha kwa huruma jambo ambalo mtoto wa chuoni halimpotei, kwamba wazee wetu waliandika kwa Hijria. Na Mfunguo Kenda wa mwaka 1306 ni Februari ya mwaka 1889 wa Miladi. Kwa pigo moja la kalamu nilipoteza karne sita, na kabla sijamaliza kuzililia, maalim aliweka kidole juu ya lile neno nililoliruka.

"Hili ni *hurra*," alisema polepole. "Yaani mwanamke huru. Wala hakuna mwandishi aandikaye 'huru' kando ya jina la mtu ambaye uhuru wake haujapata kuulizwa. Nenda bara, ukaulize kwa wenye kengele."

Nilielewa, kwa kuwa habari hizo hapa kwetu hujulikana, ila hazizungumzwi mbele ya wageni. Katika mwaka 1888 mabwana wa Mombasa walikuwa wakinung'unika kuwa watumwa wao hutoroka na kukimbilia misheni, hasa Rabai, mahali ambapo mmisionari Krapf alianzisha misheni mwaka 1846. George Mackenzie, wa ile kampuni ya Kiingereza iliyokuwa imekodi pwani, akaona ni afadhali kuwalipa mabwana fidia kuliko kungoja vita. Na siku ya 1 Januari 1889, huko Rabai, watoro zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru. Ndoa ya kijikaratasi chetu ilifungwa majuma machache baadaye.

Niliondoka alfajiri, nimevaa kanzu na kofia, nikaenda hata parokia moja ya huko bara, ambayo sitaitaja, maana kosa lililotokea lilikuwa langu peke yangu. Nilikuta chumba kimejaa watu wawili wawili, kijana mmoja akanikaribisha kwa adabu, nami nikakaa, nikidhani ni foleni ya rejista. Mwalimu akaja, akafungua kwa sala, akazungumza juu ya subira, juu ya fedha za nyumbani, na juu ya mama mkwe, na kwa kuwa yote yalikuwa kweli sikuona sababu ya kuondoka. Baada ya saa nzima alitaka kila mmoja asimame, ajitambulishe, na amtaje mchumba wake. Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikasema kweli tupu: kwamba nina mke na watoto watano, na kwamba nimekuja kumtafuta mwanamke aliyebatizwa hapa yapata miaka mia moja na thelathini iliyopita. Kicheko kilichotokea sijakisikia hata harusini.

Mwanamke mmoja wa ofisini, akijifuta machozi, alinichukua akanionyesha vitabu. Vilikuwa vikubwa, ngozi yake imepasuka mgongoni, na mwandiko ulikuwa mwembamba, umeinama mbele kama mtu aendaye upeponi. Kila mstari ulikuwa na nafasi ya jina la ubatizo, umri, kabila na wazazi. Majina yalikuwa ya Kizungu, ambayo wenyewe hawakuzaliwa nayo. Umri ulikuwa wa kukisia. Makabila yalikuwa Myao, Mnyasa, Mmakua, Mgiriama. Safu ya wazazi, ukurasa baada ya ukurasa, ilikuwa na kistari tu.

Tulimkuta saa nane ya mchana. Jina lake la ubatizo halikunijulisha kitu; lakini mwandishi alikuwa ameongeza kando, kwa herufi ndogo, jina alilokuja nalo, na lilikuwa lile lile la kijikaratasi cha shangazi. Myao. Umri, yapata 18. Wazazi, kistari.

Usiku ule sikulala. Sitaficha kuwa nilifikiri kumrudisha mzee wa Shihr na magunia yake, hata manane nikapenda. Nikateremka dukani, nikawasha taa, nikazitazama leso rafuni. Hakuna vazi Mombasa tunalolisifu kuwa letu halisi kuliko hilo, nalo jina lake ni la Kireno, maana *lenço* ni kitambaa cha mkono, na wanawake wa pwani ndio walioviunga vitambaa hivyo vikawa vazi. Hata huo Mtaa wa Biashara wakongwe waliujua kwa jina la Bazaar. Nikaona kwamba kwa miaka thelathini na mmoja nimekula riziki ya kitu chenye nasaba iliyounganishwa kwa sindano, na wala sijapata mteja aliyekirudisha kwa sababu hiyo.

Katika kikao cha pili niliisoma shajara yote, fupi kama ilivyokuwa, pamoja na kistari. Baraza ikanyamaza. Shangazi alitengeneza buibui lake, akasema, "Mimi nilijua. Mamangu alinambia nisiseme, sikusema. Leo umesema wewe, mimi simo." Yule mzee wa upande wa waume aliomba kijikaratasi, akakitazama kitambo kirefu, akakirudisha kwa mikono miwili.

"Huyu wenu ana karatasi mbili, moja ya chuoni na moja ya kanisani," alisema. "Wa kwetu ana magunia kumi ya ubani, wala hatuna karatasi hata moja."

Harusi ilikuwa baada ya mfungo. Nami neno langu kwako, ndugu msomaji, ni dogo: nenda leo kwa shangazi yako kabla sanduku halijaliwa na mchwa, andika majina hata yale unayoambiwa uyaruke, na ukiandika mwaka, tafadhali, andika kama ni wa Hijria au wa Miladi.