Shangazi wa Jiko Ajibu Barua za Eastlands

Wiki hii barua zilizonifikia zote zinanuka moshi. Waliosubiri ushauri wa mapenzi wanivumilie, ingawa mtajionea wenyewe kwamba ukiichokora shida ya mapenzi mitaani kwetu, mara nyingi chini yake utakuta chakula ambacho hakijaiva.

*Vipi shangazi? Nawasha jiko saa nane mchana, nalijaza makaa mpaka juu, na kufika saa kumi limebaki jivu huku maharagwe yakiwa bado mabichi. Mume wangu akirudi anauliza gorogoro ya makaa imeenda wapi. Siku hizi anakula kwenye kibanda cha hapo stejini na anamsifu sana mwenye kibanda. Nahofia amefanyiwa dawa. Nifanyeje?* – Mke, Kayole

Mpwa wangu, mwenye kibanda hana dawa. Ana jiko zima, basi.

Lako lisubiri lipoe, kisha ulipindue utazame udongo wa ndani. Ukiona ufa wa kupitisha kidole, au udongo umeachana na bati, ujue unawapasha joto majirani. Jiko hili lenye kiuno lina historia yake. Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa wa nishati hapa Nairobi, na miaka hiyohiyo Maxwell Kinyanjui na wenzake walikuwa wanalichunguza jiko la ndoo la Thailand, bati nje na udongo ndani. Mafundi wa Shauri Moyo, ambao tangu zamani walikuwa wakifua majiko ya bati matupu, wakalipokea hilo jipya na kulifanya lao. Kiuno kile si urembo: hubeba udongo juu, na chini pakabaki nafasi ya hewa na jivu. Joto lililokuwa likitorokea ubavuni sasa huenda kwenye sufuria. Mpishi makini huokoa theluthi ya makaa, hata nusu. Nimesema makini. Anayemwagia maji udongo ungali wa moto ili alizime jiko haraka anaupasua mwenyewe, halafu anamlaumu fundi.

Udongo hubadilishwa bila kununua jiko jipya, na kazi hiyo mpe mume. Akitoka kwa mafundi atakuwa na mambo mengi ya kukusimulia kuliko ya mwenye kibanda.

Sasa makaa. Usiyanunue kwa macho, yagonge. Vipande viwili vikitoa mlio mkavu, huo ni mti mgumu, mgunga au ndugu zake, na utakaa. Vikitoa sauti butu na kukuachia vumbi kiganjani, mwachie muuzaji. Ukishanunua yatunze yasinyeshewe, kwa sababu makaa yenye maji hutumia moto wako kujikausha kwanza. Kabla ya kuwasha kung'uta jivu lote la jana; jivu likiziba matundu, moto hauna pa kuvutia hewa, na utapepea mpaka mkono uume.

Usijaze mpaka sufuria iketi juu ya makaa. Acha mwanya. Mlango wa jiko uwe wazi mpaka chungu kichemke, kisha uufunge nusu, maana hapo ndipo wengi wenu mnapopoteza pesa. Eastlands iko mita 1,600 hivi juu ya bahari, na maji huku huchemka karibu nyuzi 95, si 100 kama Mombasa. Ndiyo sababu maharagwe yetu huchukua muda. Hata ukichochea mpaka kifuniko kicheze rumba, maji hayatapita nyuzi hizo. Utapata mvuke mwingi na maharagwe yaleyale. Yaloweke usiku kucha, yachemke kwa nguvu nusu saa (mekundu yasipochemka vizuri huumiza tumbo), kisha punguza hewa na ufunike. Ukiwa na kikapu kilichoshindiliwa matambara, itie sufuria humo ikiwa bado inatokota, ufunge vizuri, uende zako kanisani. Yataendelea kuiva bila makaa hata kipande.

*Shangazi, naishi bedsita ghorofa ya tano, na Julai hii baridi imenizidi. Nimegundua ujanja. Makaa yakishaiva na moshi kwisha, nayafunika jivu, naingiza jiko ndani na kuziba chini ya mlango kwa blanketi. Moto unakaa mpaka asubuhi. Shida ni mpenzi wangu. Kila akilala kwangu anaamka kichwa kinamuuma na anatapika. Anasema nyumba ina majini. Nimwite mchungaji?* – Kijana, Umoja

Usimwite. Ukiendelea hivyo atakuja mwenyewe, kwenye matanga.

Hilo jini lina jina: monoksidi ya kaboni. Halina rangi, halina harufu, na makaa yaliyoiva bila moshi ndiyo hasa yanayolitoa huku yakikuchekea. Damu hulishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshika oksijeni. Kwanza kichwa, kisha kichefuchefu, kisha usingizi ambao hakuna anayekuamsha.

Na huo ujanja wako wa jivu ndio uliozidisha hatari. Moto hudumishwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuunyonga, uvute pumzi kidogokidogo usiku kucha. Utadumu kweli, lakini moto uliokabwa hauunguzi vizuri, na sumu yake huongezeka. Ya pili ni kuwasha moto mdogo, kuupa hewa yake yote, na kulibana joto badala ya hewa: kwa udongo mzima, kwa kifuniko, kwa kikapu. Wanaosifia moto unaolala na kuamka nao wanaisifia ile ya kwanza. Mimi siitaki hata kwenye nyumba yenye madirisha manne.

Kwa hiyo jiko lisiingie chumbani mpaka lipoe kabisa. Mmoja wenu akiamka na kichwa hicho tena, tokeni nje mara moja kwenye hewa safi, kisha hospitali. Blanketi la mlangoni lirudishe kitandani, kazi yake iko huko. Na huyo msichana muoe; ndiye pekee chumbani humo mwenye kugundua jambo.

*Mimi nauza githeri Kariobangi. Napikia kuni, moshi unawaliza wateja na jirani ananitukana kila Jumamosi akianika nguo.* – Mama Githeri

Jirani ana haki, ila hajui anakuonea bure kwa jambo moja: hasara kubwa ni yako. Moshi ni kuni ulizolipia zinazopaa kabla hazijaungua. Zipasue nyembamba, zikauke mpaka zipasuke ncha, ziinue juu ya vyuma ili hewa ipite chini yake, na uwe unasukuma ncha tu motoni. Gogo zima likitupwa katikati litafuka mpaka magharibi.

Mabaki ya mbao kutoka Gikomba ni mazuri yakiwa meupe. Yenye rangi, yenye gundi, au vipande vya nguzo zilizotiwa dawa, usiviguse. Sumu yake huingia kifuani mwako na kutua kwenye chakula cha watu. Na ukipata vumbi la mbao kavu kwa seremala, chukua debe la mafuta ya kupikia, toboa tundu ubavuni chini, penyeza kijiti kinene hapo, simamisha chupa katikati ikutane nacho, shindilia vumbi pande zote, kisha chomoa vyote viwili taratibu. Washia tundu la chini. Litawaka saa kadhaa bila kuongezwa kitu. Uwanjani tu, mama, si jikoni.

*Mama mkwe anasema chai yangu inanuka plastiki. Nawashia jiko pakiti za maziwa.* – Mwali, Dandora

Basi inanuka plastiki. Mifuko ya juala ilipopigwa marufuku Agosti 2017, nilidhani tumepona, kumbe mlihamia kwenye pakiti. Tumia magunzi makavu. Muuza mahindi choma atakupa bure. Weka juu ya makaa mkebe uliokatwa pande zote mbili uvute hewa kama bomba. Kisha mwombe mama msamaha.

*Shangazi, si uwaambie tu wanunue gesi?* – Mjuaji, Buruburu

Ningewaambia, kama gesi na kodi wasingekuwa wapenzi wa kuachana na kurudiana. Kodi ya ongezeko la thamani iliondolewa 2016, ikarudi kwa asilimia 16 Julai 2021, ikapunguzwa hadi 8 mwaka 2022, ikaondolewa tena 2023. Mtu wa kibarua hawezi kupangia bajeti mahusiano ya namna hiyo, na mtungi haupimwi kwa gorogoro.

Uamuzi wangu ni huu: chai, mayai na uji wa mtoto, gesi. Maharagwe, githeri na matumbo, makaa, kwenye jiko lenye udongo mzima, nje. Anayepinga alete sufuria yake tupime.