Jinsi ya Kulala Fofofo Huku Pawa Saplai Ikiwa Kazini

Katika maabara nyingi za elektroniki kuna mlinzi wa usiku asiyejulikana kwa mwajiri: mhandisi kijana aliyekaa mbele ya pawa saplai, kalamu mkononi, akiandika daftarini kila baada ya dakika chache kwamba volti bado ni tano. Mwongozo huu ni wake. Nataka aende nyumbani, ale, alale, na asubuhi akute kazi imeandikwa vizuri kuliko ambavyo angeiandika yeye huku akipigana na usingizi. Kifaa kilicho mbele yake kinajua kusema. Kinachokosekana ni mtu wa kukiuliza.

Tuseme kazi yenyewe ni hii: saketi mpya ya volti 5, inayokula ampea 2 hivi, inatakiwa iwake saa kumi na mbili mfululizo tuone kama itahimili.

Anza kwa kuigeuza pawa saplai uone mgongo wake, maana hapo ndipo utakapounganisha kompyuta yenye programu ya kuiuliza. Ukikuta tundu la USB au la kebo ya mtandao, mambo ni mepesi. Ukikuta RS-232 ya pini tisa, usiidharau. Hakikisha tu kwamba kebo ni ya aina inayotakiwa na kitabu cha kifaa, na kwamba kasi ya pande zote mbili ni moja, tuseme 9600. Tundu pana lenye pini 24 ni GPIB, mtoto wa Hewlett-Packard wa miaka ya 1960 aliyepewa cheti cha IEEE 488 mwaka 1975. Kizee hicho bado kinachapa kazi, kinunulie adapta.

Lugha ya kuongea na pawa saplai ni SCPI, iliyotolewa mwaka 1990 ili vifaa vya kampuni mbalimbali viache kuwa kila kimoja na lahaja yake. Salamu ni *IDN? na kifaa hujibu mambo manne: kampuni, modeli, namba yake, na toleo la programu iliyomo ndani. Usiiruke salamu hiyo, kwa maana ndiyo inayokuhakikishia kwamba unaongea na pawa saplai yako na siyo ya meza ya jirani, ambaye naye ana saketi yake na hasira zake.

Lugha hii ina adabu kali. MEASURE inakubalika, MEAS inakubalika, lakini ukiandika MEASU kwa kudhani utasamehewa, unapewa kosa namba -113. Ukisahau alama ya kuuliza mwishoni kisha ukakaa kungoja jibu, mtangojeana mpaka programu ichoke. Na kifaa kikikataa amri, vingi hupiga mlio, lakini mlio wa saa nane usiku kwenye maabara tupu hausikiwi na yeyote. Kwa hiyo kila baada ya amri uliza SYST:ERR? Makosa hukaa foleni, la zamani hutoka kwanza. Endelea kuuliza mpaka upate sifuri.

Sasa tumefika mahali ninapokuomba upunguze mwendo. Ukiwa mezani, kidole kikiteleza ukaweka volti 50 badala ya 5.0, jicho linaona, mkono unazima, unavuta pumzi. Ukiwa kitandani, programu yako itatuma VOLT 50 kwa utulivu kamili, na kama kifaa kina uwezo wa kutoa hizo 50, kitazitoa. Ndiyo maana ulinzi hutangulia. Kama pawa saplai yako ina kinga ya volti kupita kiasi, iweke kwanza, mathalani VOLT:PROT 5.5. Kisha CURR 2.5, yaani hata saketi ikipata shoti, mkondo usivuke ampea mbili na nusu. Ndipo VOLT 5. Baada ya hapo uliza VOLT? na CURR? uone kilichoshikwa, uliza makosa, na mwisho kabisa OUTP ON. Mtu akikuambia mpangilio huo ni woga, mwonyeshe bei ya saketi.

Kuna tofauti moja inayowaponza hata waliobobea. VOLT? inakuambia ulichokiagiza. MEAS:VOLT? inakuambia kilichopo. Programu inayouliza VOLT? usiku kucha itakuandikia 5.000 elfu na elfu, mstari ulionyooka kuliko reli, huku saketi imezimika tangu saa nne. Andika faili lako kutokana na MEAS:VOLT? na MEAS:CURR? tu.

Hata hivyo kipimo hicho nacho kina mahali kinapochukuliwa, ambapo kwa kawaida ni kwenye tominali za pawa saplai yenyewe. Saketi iko mita mbili mbele. Umeunganisha kwa waya wa shaba wa milimita 0.5 za mraba kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Kwenda na kurudi ni mita nne, ukinzani wake ni kama ohm 0.14, na ampea 2 zikipita humo zinakula karibu volti 0.28. Skrini inasema 5.00, saketi inapata 4.72, na chipu za TTL za kawaida hudai zisipungue 4.75. Utatafuta hitilafu kwenye programu wiki nzima. Tumia waya mnene, au bora zaidi, vuta nyaya mbili nyembamba kutoka tominali za Sense hadi kwenye saketi. Pawa saplai itapima pale na kuongeza yenyewe kilichopotea njiani. Zifunge imara: waya wa Sense ukichomoka, kifaa kinaweza kudhani volti zimepungua na kupandisha.

Kuuliza mara moja kwa sekunde kunatosha kwa kazi hii. Kila jibu liandikwe pamoja na saa yake, na lifike kwenye diski papo hapo, kwa sababu umeme ukikatika hutaki kupoteza dakika zile za mwisho unazozihitaji kuliko zote. Ukiona mkondo umekwama kwenye 2.5 na volti zimeshuka hadi 1.8, kifaa kimegonga kikomo: kuna kinachovuta kupita kiasi. Hapo programu isikuombe ushauri kwa simu. Izime kwanza, ndipo ikuamshe.

Kompyuta nayo huzimika, mara nyingi kwa sababu imeamua yenyewe kujisasisha usiku. Pawa saplai haitajua. Itaendelea na amri ya mwisho. Modeli kadhaa zina kipima kimya: zisiposikia neno kwa sekunde ulizoweka, zinakata umeme. Kama yako inacho, kiwashe leo. Kama haina, weka fyuzi kwenye waya wa kwenda kwenye saketi, maana fyuzi haihitaji intaneti.

Na kuhusu intaneti: vifaa vingi vya mtandao husikiliza SCPI kwenye mlango namba 5025, na mlango huo hauombi nywila. Yeyote anayeufikia anaweza kutuma VOLT na namba aipendayo. Usiufungue kwa dunia hata siku moja. Pitia VPN au SSH hadi kwenye kompyuta ya maabara, hiyo ndiyo iongee na kifaa.

Asubuhi, kabla hujagusa waya wowote, tuma OUTP OFF, kisha endelea kuuliza MEAS:VOLT? Kapasita za saketi hushikilia chaji. Namba zitashuka: 3.1, 1.2, 0.4. Zikifika chini ya 0.1, chomoa.